Daraja la Mjerumani: Vivuko, Vita na Maneno katika Mwambao wa Kilwa na Lindi

Katika barabara itokayo Lindi mjini kwenda Masasi, baada ya njia panda ya Mnazi Mmoja iliyo karibu na Mingoyo na kabla ya kufika Mtama na Nyangao, msafiri anayekwenda kwa baiskeli hupata nafasi ambayo abiria wa basi haipati. Mwendo wake ni mwendo wa kuamkiana na watu. Akisimama kujaza upepo au kunywa dafu, akauliza habari za ukuta wa mawe ulioegemea ukingo wa kijito, au za tuta lililonyooka kupita kiasi katikati ya mikorosho, jibu atakalopewa mara nyingi huwa moja: hilo ni daraja la Mjerumani, na ile ni njia ya Mjerumani. Jibu hutolewa kwa uhakika, wala halihitaji maelezo. Hata kijana aliyezaliwa baada ya Azimio la Arusha hulitoa vivyo hivyo kama alivyolipokea kwa babu yake.

Mwanahistoria hulichukua jibu hilo kama dai linalopaswa kuthibitishwa. Mwanaisimu hulichukua kwanza kama kirai chenye nomino mbili zilizounganishwa kwa kiambishi cha -a unganifu. Kila mmoja ana haki yake, lakini katika mabonde ya Lukuledi, Mbemkuru na Matandu kazi hizo mbili haziachani kirahisi, kwa kuwa vita iliyopiganwa huko kati ya mwaka 1916 na 1917 iliacha mawe machache na maneno mengi.

Neno daraja lenyewe lafaa kutazamwa kidogo. Asili yake ni Kiarabu, na katika Kiarabu maana yake ni kipandio, hatua ya ngazi, na kutokana na hapo cheo. Kwa kile kinachowavusha watu juu ya maji Kiarabu kina jisr na qantara. Waswahili walilichukua neno la ngazi wakalilaza juu ya mto. Sababu si ngumu kuikisia. Miji ya mwambao ilijengwa visiwani na kando ya hori, na watu wake walivuka kwa mtumbwi na ngalawa. Daraja walilolijua kila siku lilikuwa lile la kupandia ghorofani au la kuingilia msikitini. Lilipojengwa la kukatiza hori la mji wa Unguja likawa jambo la kutajika, hata mahali pakaitwa Darajani na upande wa pili ukabaki na jina la Ng'ambo. Bara, nyuma ya Kilwa na Lindi, watu walikuwa na ulalo, yaani gogo au magogo yaliyolazwa kutoka ukingo huu hadi ule, jambo ambalo mvua za masika zililichukua na kiangazi kikalirudisha. Zaidi ya hapo palikuwa na kivuko. Neno hili limetokana na kitenzi, nacho huhitaji mtenda: pasipo mvushaji hapana kivuko. Mikononi mwa maneno haya matatu, ulalo, kivuko na daraja, ndimo ilimoingia vita kubwa ya Wazungu.

Dar es Salaam iliangukia mikononi mwa Waingereza mwanzoni mwa Septemba 1916, na katika mwezi huo huo manowari zao zikaishika Kilwa, Mikindani na Lindi. Kwa ramani kazi ilionekana karibu imekwisha. Jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa limesukumwa kusini ya reli ya kati, na pwani yote ilikuwa imefungwa. Kilichobaki kilikuwa ni nchi yenyewe, na nchi hiyo ilikatwa vipande na mito inayoshuka kutoka magharibi kwenda baharini: Rufiji, Matandu, Mbemkuru, Lukuledi na, mwisho wa yote, Ruvuma. Katika mabonde yake mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota. Magari yalikwama. Bandari ya Kilwa Kivinje ni ya kina kifupi, maji yakipwa huacha tope hadi mbali, kwa hiyo kituo kikuu cha majeshi kiliwekwa kwenye kina kirefu kinachotazamana na Kilwa Kisiwani, mahali ambapo masultani wa karne za nyuma walipokelea majahazi ya dhahabu ya Sofala.

Pigano kubwa la kwanza lilikuwa Kibata, katika milima ya Matumbi, Desemba 1916. Waingereza waliikalia boma ya zamani ya kilimani. Wajerumani waliizunguka, wakaleta mzinga mmoja katika ile iliyovuliwa kwenye manowari Königsberg, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915. Mzinga wa meli hauna magurudumu ya kupandia milima. Ulifungiwa magurudumu, njia ikachongwa, na watu wakauburuta kwa kamba. Tarehe 15 Desemba askari wa Gold Coast, nchi iitwayo Ghana leo, walikiteka kilima kimoja, na karibu nusu ya walioingia vitani siku hiyo walikufa au kujeruhiwa. Kilima hicho waandishi wa vita wakakiita kwa jina la kikosi chao. Wenyeji hawakuulizwa kiliitwaje kabla.

Yafaa ikumbukwe Kibata ni wapi. Nandete, ambako mwezi Julai 1905 pamba ya serikali ilingolewa shambani na Vita vya Majimaji vikaanza, ni jirani yake. Kinjikitile Ngwale aliyetoa dawa kule Ngarambe alinyongwa Mohoro mwezi uliofuata. Gilbert Gwassa, aliyeichunguza vita hiyo kwa miaka mingi, alikadiria waliokufa kwa risasi na zaidi kwa njaa kuwa kati ya 250,000 na 300,000. Kwa hiyo mtu wa Matumbi aliyekamatwa mwaka 1916 kuburuta mzinga au kubeba sanduku la risasi alikuwa mtu aliyeponea chupuchupu miaka kumi na mmoja iliyopita. Kama alikuwa na umri wa miaka thelathini, vita zote mbili zilimpata akiwa mtu mzima. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliitungia utenzi ile ya kwanza. Ya pili, iliyopita kwenye vijiji vile vile, haikupata utenzi unaojulikana kama wake.

Mwanzoni mwa 1917 mvua zilinyesha kuliko kawaida. Rufiji ilifurika, barabara za kijeshi zikageuka matope, na kikosi cha Wanigeria kilichokuwa ng'ambo ya kusini ya mto kikakaa na njaa kwa miezi. Hapa ndipo hesabu ya mpagazi inapoonekana wazi. Mzigo wa kawaida ulikuwa ratili 60. Tuseme mpagazi anakula ratili 2 za unga au mchele kwa siku. Akitembea siku 10 kwenda na siku 10 kurudi, amekula 40, amefikisha 20. Akitembea siku 15 kwenda na 15 kurudi, amefika akiwa hana kitu, na safari nzima imekuwa ni ya kujilisha mwenyewe. Ofisa wa ugavi alikuwa na njia mbili za kukwepa hesabu hiyo: ajenge njia na madaraja ili magari yafike mbali zaidi, au apunguze posho ya mpagazi. Ya pili ilikuwa rahisi, nayo ilitumika mno. Kwa makadirio yaliyokubaliwa na wengi, hasa baada ya utafiti wa Geoffrey Hodges uliochapishwa mwaka 1986, wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao, katika vita nzima ya Afrika Mashariki, hawakupungua 95,000, wengi wao kwa kuhara, homa ya mapafu, malaria na njaa. Wale waliobeba upande wa Wajerumani hawakuwekewa daftari.

Narung'ombe, tarehe 19 Julai 1917, palipiganiwa visima vya maji. Kusini zaidi, kutoka Lindi, Waingereza walipanda bonde la Lukuledi polepole, wakifuata reli nyembamba ya toroli iliyokuwa ikihudumia mashamba ya walowezi kutoka Mingoyo. Toroli hizo zilisukumwa kwa mikono ya watu. Mapigano ya Tandamuti mwezi Agosti yalihusu kwa sehemu kubwa nani aishike njia hiyo, kwa sababu toroli moja iliokoa vichwa vingi vya wapagazi. Hapa tena ndipo madaraja yanapoingia katika habari: reli, hata iwe nyembamba kiasi gani, haivuki kijito kwa kuruka. Kila mkondo unaoingia Lukuledi ulihitaji boriti, mawe au vyote viwili, na kila jeshi lililorudi nyuma lilikuwa na sababu ya kuvunja na kila lililosonga mbele lilikuwa na sababu ya kujenga upya.

Kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917 majeshi hayo yalikutana Mahiwa na Nyangao. Lettow-Vorbeck alikuwa na watu wapatao 1,500, Waingereza karibu 5,000, wengi wao Wanigeria, Wahindi na askari wa Keya, kama walivyoitwa wale wa King's African Rifles. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000 kwa vifo na majeraha, Wajerumani mia tano hivi. Mapigano machache katika bara hili wakati wa vita ile yalimwaga damu kiasi hicho kwa siku nne. Vitabu vingi vinavyotaja hesabu hizo havitaji wapagazi hata kwa neno moja.

Mtu anayefika Nyangao leo atakuta misheni ya Wabenediktini na hospitali yao, soko, na mashamba. Kuhusu vita, atakachokiona ni kidogo, na hicho kidogo ndicho chenye utata. Baiskeli husaidia hapa kwa namna ya pekee, maana mabaki ya vita yako kwenye njia ambazo gari halipiti: vijia vya kwendea kisimani, mabega ya mashamba ya korosho, mifereji ya zamani. Tena chombo hiki si kigeni katika vita yenyewe. Usiku wa tarehe 3 Novemba 1914 Lettow-Vorbeck aliingia Tanga kwa baiskeli kuupeleleza mji kabla ya mapigano ya kesho yake, kama alivyosimulia mwenyewe katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 1920. Kamanda alipanda baiskeli; mzinga ulivutwa kwa kamba; unga ulibebwa kichwani.

Sasa lirudiwe lile tuta lililonyooka katikati ya mikorosho. Je, ni la Mjerumani? Huenda. Lakini katika bonde hilo zimepita njia za chuma zaidi ya moja, na kumbukumbu ya watu imezikunja zote katika jina moja. Ya kwanza ni ile ya toroli za walowezi, ya kabla ya vita. Ya pili ni nyongeza za wahandisi wa jeshi la Uingereza za mwaka 1917 na baadaye, zilizofuata mkondo ule ule. Ya tatu haihusiani na vita ya kwanza hata kidogo: ni reli ya mradi wa karanga. Serikali ya Uingereza iliuanzisha mradi huo mwaka 1947, ikitafuta mafuta ya kula baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Reli ya kusini ilianzia Mkwaya, kwenye hori la Lindi, ikaelekea Nachingwea mwaka 1949, kisha ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara mwaka 1954. Wakati huo mradi wenyewe ulikuwa umekwisha kuachwa, tangu 1951, baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Reli ilifungwa mwaka 1962 na vyuma vikang'olewa.

Mchunguzi mwenye subira anaweza kuzitenganisha. Reli ya karanga ilikuwa ya upana wa mita moja, ya kuvutwa na injini kamili, kwa hiyo tuta lake lilihitaji kuwa pana na kona zake za kuzunguka polepole. Njia ya toroli ingeweza kuwa nyembamba na kupinda kwa ukali kufuata mwinuko. Saruji iliyomiminwa katika ubao, yenye alama za ubao bado usoni mwake, yaelekea zaidi kuwa ya miaka ya 1940 kuliko ya 1910. Mawe yaliyochongwa na kushikwa kwa chokaa yanaelekea nyuma zaidi, ingawa fundi wa mwambao alitumia chokaa karne nyingi kabla ya Mjerumani na ameendelea kuitumia baada yake. Hakuna kimoja katika vipimo hivi kinachotosha peke yake. Kwa pamoja vinatosha kumfanya mtu asiseme haraka.

Na hapa mwanaisimu anastahili kupewa nafasi yake. Katika Kiswahili -a unganifu haidai kitu kimoja. Nyumba ya Juma ni nyumba anayoimiliki, au anayoipanga, au aliyoijenga. Chai ya asubuhi ni ya wakati, chai ya maziwa ni ya namna. Daraja la mawe limeundwa kwa mawe, daraja la reli limekusudiwa reli, na daraja la Mjerumani laweza kuwa lililojengwa na Mjerumani, lililomilikiwa naye, lililojengwa zamani zake, au hata lililo la aina ile ya kazi ngumu ya mawe ambayo watu huihusisha naye. Mzee wa Mtama asemapo daraja la Mjerumani kuhusu saruji ya mwaka 1949 hakosei lugha. Yamkini hakosei hata historia, kwa jinsi alivyokusudia yeye. Mjerumani katika kauli yake ni kipimo cha umri: kitu cha kabla yetu, cha enzi ya amri na kiboko. Ndiyo maana nomino hiyo huwa katika umoja. Wajerumani ni watu kadhaa. Mjerumani ni utawala. Vivyo hivyo kwa Mreno na Mwingereza. Wazee wa vizazi vya nyuma walisema Mdachi, neno lililobaki katika utenzi wa Hemedi bin Abdallah juu ya vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, na ambalo Kiswahili cha leo kimelihamishia kwa watu wa Uholanzi.

Tatizo si kwamba -a ina maana nyingi. Tatizo ni kwamba katika maana zake zote hizo maana moja haipatikani: haimtaji aliyebeba jiwe. Kilwa Kisiwani inatoa mfano wa zamani zaidi. Jengo liitwalo Gereza, lililo ufukweni, huelezwa kuwa la Mreno, na ni kweli Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505. Hata neno gereza huaminika kutokana na neno lao la kanisa. Lakini sehemu kubwa ya kuta zinazoonekana ni ya zama za Waomani, karibu na mwaka 1800. Misikiti na majumba ya nyuma ya hapo yaliitwa ya Washirazi, hadi wachimbuzi wa mambo ya kale walipoanza kuonyesha kwa vigae na tabaka za udongo kwamba mji ulikua kutoka chini, kwa mikono ya watu wa hapo hapo, huku wageni wakiingia na kuchanganyika. Kwa kila tabaka la mawe lilipatikana jina la mtu wa mbali. Daraja la Mjerumani ni mrithi wa desturi hiyo, nalo ni mrithi asiye na udhuru, kwa kuwa wajukuu wa waliolijenga bado wanaishi kando yake.

Jina hilo lina madhara mengine, ya siku hizi, na haya si ya kisarufi. Imani kwamba Mjerumani alizika mali kabla ya kukimbia imeenea Tanzania nzima: sarafu za rupia, dhahabu, zebaki. Kwa sababu hiyo ukuta wowote ulioitwa wake huwa shabaha. Watu huja usiku na sururu. Msingi hufukuliwa, nguzo huegama, mvua ya mwaka unaofuata huangusha kilichobaki. Aliyechimba haondoki na rupia. Ile njia ya kutofautisha toroli na karanga, mawe na saruji, nayo huondoka na kifusi. Boma la Kilwa Kivinje, jengo ambalo hakuna anayebisha kuwa ni la Mjerumani kweli kweli, limeachwa likiota miti kutani. Katika mji huo huo Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa mwaka 1895, na mahali pa mwembe wa kunyongea panakumbukwa hata leo kuliko chumba chochote cha boma. Wenyeji wamechagua cha kukumbuka, na si ajabu kwamba hawakuchagua boma.

Maneno yamehifadhiwa vizuri zaidi kuliko mawe, kwa kuwa hakuna anayeyachimba kutafuta rupia. Katika jeshi la Mjerumani daraja za askari weusi, kwa maana ile ya kwanza ya neno, zilikuwa na majina ya Kituruki: ombasha, shaushi, betshaushi, soli, efendi. Yalifika kwa sababu Hermann von Wissmann aliwaandika askari wake wa kwanza wa Kisudani kule Misri mwaka 1889, ili kuja kupigana na Abushiri, na Misri ilikuwa na majeshi ya desturi ya Kiosmani. Ombasha, kwa asili yake, ni mkuu wa watu kumi. Mtu wa Kilwa aliyeamrishwa na ombasha alikuwa anaamrishwa kwa neno la Istanbul, lililopitia Cairo, katika jeshi la Berlin, kwa sentensi ya Kiswahili. Majina haya yamekufa. Hela, iliyotokana na heller, imebaki, na shule imebaki. Baiskeli haikuchukuliwa kwa Mjerumani bali kwa Mwingereza, hata huku kusini alikotawala Mjerumani kwanza.

Neno lililobaki kwa sauti kubwa kuliko yote ni Kariakoo. Carrier Corps, jeshi la wapagazi lililoongozwa na Oscar Watkins, lilipewa kambi Dar es Salaam katika jengo la soko ambalo Wajerumani walikuwa wamelijenga kabla ya vita bila kulitumia sana. Nairobi nayo ina Kariokor yake. Kwa hiyo wapagazi, ambao hawakupata kaburi lenye jina, walipata kata nzima mjini. Walilipata kwa njia ya ajabu: kwa kutamkwa vibaya, au tuseme kwa kutamkwa vizuri kwa Kiswahili, mpaka asili yake ikasahauliwa na wengi wa wanaouza nyanya hapo. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inamwonyesha mtu mwenye bunduki na singe. Mtu mwenye mzigo kichwani hana sanamu ya namna hiyo mjini humo, ana soko.

Lettow-Vorbeck aliondoka katika nchi hiyo kwa kivuko. Tarehe 25 Novemba 1917, akiwa na Wazungu wapatao 300, askari wapatao 1,700 na wapagazi karibu 3,000, pamoja na wanawake na watoto walioambatana nao, aliingia majini katika Ruvuma karibu na Ngomano, mahali mto Lugenda unapoungana nao, akavuka kwa miguu kwenda upande wa Wareno. Kikosi kingine, cha Theodor Tafel, kilichokuwa kikimtafuta, hakikumfikia. Kilisalimu amri siku tatu baadaye kwa njaa. Hapakuwa na daraja Ruvuma, wala baada ya hapo halikujengwa kwa zaidi ya miaka tisini. Wapiganaji wa FRELIMO walipoanza vita ya ukombozi mwaka 1964 walivuka mto huo huo kwa mitumbwi, kisha wakawa na kambi yao kuu ya mafunzo Nachingwea, pale pale mwisho wa ile reli ya karanga iliyokuwa imekwisha kung'olewa. Mei 2010 Marais Jakaya Kikwete na Armando Guebuza walifungua Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, kati ya Mtambaswala na Negomano. Waliopanga jina waliepuka mtu na taifa, wakachagua nomino dhahania.

Kaskazini, kwenye Rufiji, hawakuepuka. Mpaka mwaka 2003 aliyetaka kwenda Kilwa na Lindi kwa barabara alingoja kivuko cha Ndundu, na mto ukifurika alingoja kwa siku. Pantoni iliondoka lilipofunguliwa daraja jipya la mita zipatazo 970, likapewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mwana wa Masasi. Tangu hapo kusini hakukuonekana tena kuwa ng'ambo, isipokuwa nyakati kama mwezi Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu katika sehemu za Somanga na Mikereng'ende, wilayani Kilwa, na malori yakapanga foleni pande zote mbili kama zamani. Dereva aliyekwama Somanga akiulizwa ametokea wapi, angejibu kwamba amevuka daraja la Mkapa. Kirai ni kile kile, na -a yake ni ile ile.